Hotuba juu ya Fedha za Kuinua Mji wa Kale wa Kilwa Kivinje

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama uliofanyika Ngarambe. Tumeyapiga chapa kwa idhini ya msemaji, kwa faida ya wale ambao kazi au masafa yaliwazuia kuhudhuria. — Mhariri)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze nanyi, nilimjibu upesi kwamba nitazungumza juu ya fedha, kwa kuwa karani asiyeweza kuzungumza juu ya fedha hana la kuzungumza. Akaniandikia tena, akauliza: fedha zipi? Nikamjibu: fedha za kuinua mji wa kale uliochakaa, yaani miji yetu ya mawe ya pwani, na hasa mji mmoja ambao mimi nina jambo nao, Kilwa Kivinje. Nasikia habari hiyo ilipotangazwa baadhi yenu walicheka. Walisema, sisi tunakwenda Ngarambe, kijiji cha miti na udongo mpakani mwa pori la wanyama; majumba ya mawe ya Waswahili wa pwani yanatuhusu nini huko? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Jibu langu la kwanza ni boriti. Mto Rufiji, ambao sisi hapa tuko kusini yake, ukifika baharini hugawanyika mikono mingi, na penye mikono hiyo pana msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko yote katika Tanzania. Siku hizi sehemu kubwa ya delta hiyo imo katika wilaya ya Kibiti. Wazee wa Rufiji walikata miti humo, wakaipanga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, wakaiuza kwa korja, yaani miti 20 kwa hesabu moja. Majahazi yakapakia, mengine yakaenda Unguja, mengine yakangoja kusi yakavuka mpaka Arabuni na Ghuba, nchi ambazo hazina miti ya kuezekea. Mtu akiingia katika nyumba ya kale ya Unguja, au Lamu, au Kilwa Kivinje, ataona vyumba virefu na vyembamba, upana wake futi 8 au 10 tu. Wageni wengi huandika kwamba hayo ni mapenzi ya Waswahili. Si mapenzi, ni kipimo cha boriti. Boriti moja hubeba upana huo na mawe na chokaa iliyo juu yake, wala haibebi zaidi. Basi upana wa chumba alicholala tajiri wa Unguja ulikatwa kwa shoka la Mrufiji matopeni. Ndiyo maana nasema kwamba miji ile ni yetu pia, ijapokuwa hatukupata kulala ndani yake.

Jibu la pili wazee waliopo hapa wanalijua kuliko mimi. Kinjikitile Ngwale alitoa dawa yake hapa Ngarambe tangu mwaka 1904, na watu walikuja kwake kwa makundi kutoka pande za mbali. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro, na vita ilipoenea viongozi wengine walinyongwa Kilwa Kivinje, mahali ambapo hata leo huitwa Mwembe Kinyonga. Amri ilitoka katika boma la Kivinje, lile lililo ufukweni, ambalo leo kuta zake zimesimama bila heshima. Kijana wa Ngarambe akitaka kuona kwa macho yake nyumba ya wale waliomhukumu babu yake, hapana budi aende Kivinje, tena aende upesi kabla haijaanguka.

Nadhani majibu hayo mawili yatosha. Sasa nitasema habari ya mji wenyewe.

Kilwa Kivinje haukuwa mji mdogo. Katika karne ya 19 ndio ulikuwa bandari kubwa ya kusini, njia ya misafara iliyotoka nchi za Ziwa Nyasa. Pembe zilipita hapo, na watumwa walipita hapo kwa maelfu. Jambo hilo halifai kufichwa tunapousifu mji. Baadaye Wajerumani waliufanya makao ya wilaya. Wahindi wakajenga maduka yenye ghorofa, milango ikachongwa nakshi. Kisha makao ya wilaya yakahamia Kilwa Masoko, na kazi ya Serikali ikahama pamoja nayo. Enyi makarani, ninyi mwajua maana ya jambo hilo. Ofisi ikihama mji, haziendi meza na majalada tu: huenda na mishahara, na mishahara huenda na maduka, na maduka yakienda paa hubaki bila mtu wa kulitazama.

Nina sababu yangu ya kuyajua haya. Bibi yangu mzaa baba aliacha nyumba Kivinje, ya mawe, yenye ukumbi, vyumba viwili vya nyuma, na chumba cha duka mbele. Alipofariki warithi walikuwa 6. Hawa nao wamefariki, na mimi nilipoandika majina ya warithi waliopo sasa nilipata 31, wengine wako Dar es Salaam, wengine Mombasa, wawili wako Muscat, na mmoja hatujui aliko. Katika masika mmoja chumba cha nyuma kiliingia maji. Boriti moja ikaoza mahali inapoingia ukutani, na hapo ndipo boriti huoza siku zote, maana maji hukaa. Kila mrithi alipata habari. Kila mrithi alisema kwamba ni aibu kubwa, na kwamba fulani aliye na kazi nzuri ndiye afaaye kulipa. Fulani huyo, mabwana, aghalabu nilikuwa mimi. Nami nilimtaja mwingine. Masika ya tatu sakafu ya juu yote ilishuka chini. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule aijua, lakini mwenye kuitunga hakutuambia nani atanunua chokaa ikiwa wenye ukuta ni watu 31.

Tulipata kuandikia ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuomba msaada. Akaja bwana mmoja mwenye adabu, akapiga picha, akapima kwa kamba, akatupa fomu ya kurasa nyingi. Fomu ilitaka sahihi ya mwenye nyumba. Tuliuliza, yupi? Hakujua. Jalada likafunguliwa, na tangu siku ile halikufungwa wala halikusomwa. Simlaumu bwana yule. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya majalada maisha yangu yote, na najua kwamba jalada lisilo na mtu mmoja wa kuandikiwa huteremka chini ya rundo kwa uzito wake lenyewe.

Kumbe hapo ndipo penye siri ya jambo hili, nami nilichelewa kuiona. Tazameni Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Masoko. Magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Fedha zikapatikana, za Ufaransa, za Japani, za Norway, na nyingine. Kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ile ya hatari. Ni jambo jema, nasi tushukuru. Walakini angalieni tofauti. Msikiti mkuu wa Kisiwani na Husuni Kubwa havina warithi wa kugombana, wala mpangaji, wala fundi cherehani barazani. Serikali inaweza kutia sahihi peke yake. Mji uliokufa hupata mfadhili upesi kuliko mji ulio mgonjwa, kwa kuwa maiti hana neno. Kivinje bado unasema, na una vinywa vingi.

Wako wanaonijibu kwamba tungoje mfadhili mkubwa, kama walivyopata Unguja. Vema, twende Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, watu wakaingia kwa kodi ndogo sana, na kodi ile haikutosha kununua hata mabati. Nyumba zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Wafadhili walikuja kweli. Shirika la Aga Khan lilitengeneza ile nyumba ya dawa ya Tharia Topan iliyo ufukweni, na mwaka 2009 likaifungua upya bustani ya Forodhani, ambayo wenyeji wenyewe hukaa jioni wakala na kuzungumza. Nimekaa hapo mimi, na pweza wake ni mzuri.

Lakini hatua chache tu toka bustani hiyo ilisimama Beit al Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, jumba lililokuwa kubwa kuliko yote ya Unguja. Ilijulikana muda mrefu kwamba ni gonjwa. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Fedha za Oman zilipatikana, na mafundi walikuwa kazini, hata tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba wafadhili walikosa. Nasema kwamba fedha nyingi zilizochelewa haziwi sawa na fedha kidogo zilizokuja kila mwaka. Mtungi mmoja wa chokaa kwa wakati wake ungaliweza kuzuia maji ambayo baadaye hayazuiliki kwa mamilioni.

Na hapa naomba mniruhusu kusema neno moja la ufundi, maana fedha nyingi zimepotea kwa kutolijua. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilichomwa pwani: magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, kisha unga wake ukalowekwa na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Watu wa siku hizi, kwa haraka na kwa nia njema, huupaka saruji. Saruji haipumui. Unyevu hufungiwa ndani, chumvi hutokeza, na baada ya miaka michache saruji hubambuka ikichukua nusu ya ukuta. Nimeona nyumba iliyosimama miaka 100 na zaidi ikauawa na mifuko kumi ya saruji. Basi yeyote atakayetoa fedha aulize kwanza fundi atanunua nini.

Wazee wetu walijua njia ya kupata fedha kidogo kidogo bila kukoma. Njia hiyo ni wakfu. Ndugu zangu msio Waislamu mniwie radhi, maana jambo hili ni la hesabu kabla halijawa la dini. Mtu mwenye nyumba au duka aliifunga mali yake isiuzwe, isirithiwe, isigawanywe. Kodi yake ikaenda msikitini, au kisimani, au kwa maskini, au kwa kizazi chake. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe wa Unguja ilishikwa kwa njia hiyo. Na sharia yake ina kanuni moja ambayo natamani ingaliandikwa juu ya mlango wa kila hazina: fedha ya kwanza inayotoka katika mali ya wakfu ni ya kuitengeneza mali yenyewe. Kabla ya imamu kulipwa, kabla ya maskini kupewa, kabla ya mtoto wa mwenye kuweka wakfu kupokea senti yake, paa huzibwa kwanza. Kwa nini nyumba za wakfu nazo zimechakaa? Kwa sababu kodi zilibaki ndogo huku bei ya chokaa na mbao ikipanda, na mahali pengine kwa sababu wasimamizi waliigeuza kanuni, wakagawa kwanza wakaziba baadaye.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Scotland. Katika jimbo la Fife iko miji midogo ya wavuvi, na nyumba zake za kale zilikuwa zinabomolewa kwa kuonekana hazifai. Mwaka 1960 chama kinachoitwa National Trust for Scotland kilianza mpango wa nyumba ndogo. Walinunua nyumba moja mbovu, wakaitengeneza, wakaiuza kwa mtu wa kukaa humo, wakamfunga kwa sharti asiiharibu sura yake. Fedha ile ile ya kuuzia wakanunua nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Wenyewe huita mfuko unaozunguka. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana mama zetu hucheza mchezo huo kila mwezi na kuuita upatu. Tofauti ni kwamba anayepokea zamu katika upatu huo ni nyumba. Upatu hauna riba, kwa hiyo hautamkera mwenye dini. Una jambo jingine jema: aliyekwisha kupokea huona haya kutolipa, kwa kuwa anayengojea zamu ni jirani yake, wala si benki.

Mfano wa karibu zaidi ni Mikindani, kusini ya Lindi. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 lilikuwa limebaki kuta. Katika miaka ya 1990 shirika la Kiingereza, Trade Aid, lilipewa kulitumia, likalitengeneza likawa hoteli, na vijana wa mji wakafundishwa kazi ya kujenga na kazi ya hoteli ndani yake. Jengo lilipata kazi ya kufanya, na hilo ndilo la maana. Nyumba isiyo na kazi hata ikitengenezwa huanza kufa siku mafundi wanapokunja jamvi lao. Walakini sitaki kila nyumba ya Kivinje iwe hoteli. Unguja tumeona nyumba nyingi zikigeuzwa kuwa za wageni, hata mwenyeji akawa haimudu kodi ya mtaa aliozaliwa. Tukiinua mji kwa kuwatoa watu wake, tutakuwa tumetengeneza gofu jipya lililopakwa rangi.

Ninyi wa Ngarambe mnaweza kutufundisha katika hilo. Ngarambe na jirani yenu Tapika mlitenga ardhi yenu kuwa eneo la kuhifadhi wanyama, mkaunda jumuiya iitwayo MUNGATA. Pori kubwa mlilopakana nalo lilikuwa Selous, na tangu 2019 sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Najua mna manung'uniko. Tembo hula mahindi yenu, fedha huchelewa, na mara nyingine huja pungufu. Jana usiku barazani nimesikia hayo kwa muda wa saa mbili. Lakini kanuni za jumuiya hizo ziliweka jambo ambalo mji wa mawe haujapata: kwamba nusu ya mapato ya jumuiya, au zaidi, iende vijijini, na fungu jingine litengwe kwa kulitunza pori lenyewe. Tena mnajua mkamlalamikie nani. Mgeni anayelipa ili amtazame tembo wa Ngarambe huacha kitu Ngarambe, hata kikiwa kidogo. Mgeni anayetembea Kivinje akapiga picha milango yetu huacha vumbi la viatu.

Wala msidhani kwamba jambo hili la nani afanye kazi na nani apokee ni dogo. Hapa tulipo ni mahali pabaya pa kulisahau. Kabla ya vita ya Maji Maji Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Kazi ilikuwa ya wote. Mapato yalipogawanywa, katika wilaya ya Dar es Salaam watu wa mwaka wa kwanza walipewa senti 35 kila mmoja, na wako waliokataa kuzipokea. Katika Julai 1905, vilimani Umatumbi, vita ilianza kwa kung'oa pamba. Mpango wowote wa kuinua mji ambao wenye mji watatoa jasho na ruhusa, na daftari lake litakaa ofisi ya mbali wasikoweza kulifunua, mimi siutaki, hata ukija na mamilioni.

Basi nimekuja na shauri, na Bwana Mweka Hazina amekwisha kuniangalia kwa jicho kali tangu nilipotaja upatu. Nataka nimtulize. Siombi akiba ya Chama. Akiba ile ni ya sanda na dawa za wagonjwa wetu, na mtu atakayeigusa kwa ajili ya boriti astahili kufukuzwa. Naomba sanduku la pili, la hiari, la watakao. Likipata fedha za kutosha paa moja, tuezeke paa moja Kivinje. Nyumba ichaguliwe na watu wa mji, iwe yenye chumba cha duka au cha kupangisha. Warithi wote watie sahihi mbele ya kadhi au hakimu kwamba kodi ya chumba hicho itarudi sandukuni mpaka deni liishe, na baada ya hapo fungu moja la kodi libaki kwa matengenezo siku zote. Mpangaji aliyemo asitolewe. Chokaa itumike, si saruji. Boriti zinunuliwe kwa kibali cha idara ya misitu, maana sitaki tuinue Kilwa kwa kuimaliza Rufiji. Msitu ule umewekwa katika hifadhi tangu mwaka 1898, nao umekwisha kukatwa vya kutosha. Na hesabu ibandikwe kila mwezi kwenye ukuta wa soko, kwa mwandiko mkubwa.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote hapo si kupata fedha. Ni ile karatasi ya warithi. Fundi haiwezi, mfadhili haiwezi, mwanasiasa haipendi. Ni kazi ya karani: kuuliza nani alizaliwa na nani, kuandika barua Mombasa na Muscat, kungoja, kuandika tena. Katika chumba hiki nahesabu watu wasiopungua 20 wanaoiweza kazi hiyo, na wengi wenu mtastaafu karibuni na kulalamika kwamba hamna la kufanya.

Bwana Mweka Hazina ameniuliza pembeni: mkopo usiporudi je? Nimemjibu kwamba huenda usirudi. Tutakuwa tumepoteza fedha za paa moja, na paa litakuwepo. Hakuridhika na jibu hilo, wala mimi silioni kuwa zuri sana, lakini sina jingine.

Limebaki neno moja, nami ningependa kulinyamazia. Nimesema kwamba nyumba ya bibi yangu ilianguka chumba cha nyuma. Chumba cha mbele hakikuanguka. Fundi cherehani yumo mpaka leo, naye hulipa kodi yake bila kuchelewa. Kodi ile hugawanywa, na fungu langu huletwa kwangu. Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitayarisha maneno haya, nilifungua daftari langu nikajumlisha. Kwa miaka 14 nimepokea kodi ya nyumba ile, nikaila yote, wala katika ukurasa wowote sikuona mahali nilipoandika kwamba nimenunua hata pishi moja ya chokaa. Nilikuwa nikimngoja mfadhili, na huku nalikuwa mmoja wa walioibomoa.

Kwa hiyo nyumba ya kwanza isiwe yetu. Watu watasema, na watasema kwa haki. Lakini fungu langu la kodi, tangu mwezi huu, naliandikia sanduku hilo kama litaanzishwa, na nimekwisha kuwaandikia warithi wenzangu 30 kuwaomba wafanye vivyo. Wanne wamejibu. Watatu wamekubali; wa nne ameuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuandika kwa niaba ya ukoo.

Daftari langu nimelileta. Nitaliacha mezani kwa Bwana Katibu, pamoja na karatasi tupu ya majina ya watakao kuingia. Wazee wa Ngarambe wametuandalia chakula, nami naona vijana wa mlangoni wamekwisha kuniashiria mara mbili.